Baiskeli Chumbani: Stendi Ipi ya Bei Poa Inafaa?



Saa saba ya usiku mmoja wa baridi, kengele ya moshi ililia kwenye nyumba tunayopanga hapa Stratford. Kumbe jamaa kasahau mkate kwenye tosta, basi. Lakini tulipotoka mbio gizani, wote wanne tukajikwaa kwenye baiskeli yangu iliyoegemea ukuta wa korido. Korido ina sentimita 86, usukani sentimita 62. Piga hesabu mwenyewe. Mwenzetu mmoja alichubuka goti, na tungekuwa na moto wa kweli pale mlangoni pangekuwa pabaya sana. Zimamoto wa London wanasisitiza siku zote njia ya kutokea isizibwe, nami nililijua hilo. Ila nje wezi, na chumbani ilikuwa inaanguka kila nikifungua kabati.

Nikaamua kutafuta stendi ya kuweka sakafuni. Kutoboa ukuta sikutaka kabisa. Tangu 2019 sheria ya England inamruhusu mwenye nyumba kushika dipoziti ya hadi wiki tano za kodi (kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000, yaani sisi sote), na sioni sababu ya kugombania hela hiyo kwa ajili ya ndoano.

Stendi ya kwanza niliinunua pauni 12: vyuma viwili vifupi vyenye mfereji katikati, unaingiza gurudumu la mbele. Siku ya pili nikaikuta baiskeli imelala juu ya kompyuta yangu. Mimi nasomea uhandisi, aibu hiyo ilinifanya nikae chini na rula.

Tatizo lilikuwa hivi. Tairi langu lina upana wa milimita 28, mfereji ulikuwa wa milimita 55. Inabaki nafasi ya 27, nusu kila upande. Vile vyuma vikishika tairi kwenye kimo cha sentimita 10 tu, gurudumu linaweza kulala karibu digrii 8, na siti iliyo kama mita moja juu inasogea pembeni sentimita 13 hivi. Vikishika kwenye kimo cha sentimita 30, ulalo hauzidi digrii 3. Kwa hiyo cha kuangalia kwanza si unene wa chuma wala rangi, ni vitu viwili: mfereji ulingane na tairi lako, na mikono ya stendi ipande juu. Upana wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Ukiona 37-622, ile 37 ndiyo milimita za upana. Wenye baiskeli za milimani wataona kitu kama 26 x 1.95, hizo ni inchi, kama milimita 50. Stendi inayofaa tairi hilo itaacha la kwangu likicheza, na ya kwangu haitalipokea hilo.

Kosa langu la pili lilikuwa kuingiza gurudumu la mbele. Hilo linageuka na usukani! Ingiza la nyuma, halina pa kugeukia. Ila kama una breki za diski, hakikisha chuma hakigusi diski. Ikipinda kidogo tu utaisikia ikisugua njia nzima hadi chuo.

Aina nyingine inashika fremu kwa ndoano mbili karibu na ekseli ya nyuma na kuinua gurudumu. Hapa hakuna jipya, jamani. Phoenix za nyumbani zilikuja na stendi yake ya miguu miwili chini ya gurudumu la nyuma. Miguu ile miwili na tairi la mbele ndizo nukta tatu, nayo inasimama imara hata na gunia kwenye keria. Uzuri wa hii ni kwamba unazungusha pedali na kupaka cheni mafuta papo hapo. Angalia ndoano ziwe na mpira, na miguu iwe imeachana vya kutosha. Kitovu cha uzito kikiwa kwenye kimo kilekile, miguu iliyoachana sentimita 40 inavumilia kuinama zaidi kabla ya kuanguka kuliko ya sentimita 30. Kwa chumba cha mwanafunzi, ambapo kila mtu anapita akigusa kitu, tofauti hiyo si ndogo.

Zipo pia za kusimamisha baiskeli wima kwa gurudumu la nyuma. Zinaokoa nafasi ya sakafu, lakini ni ghali zaidi na lazima uinyanyue kila siku.

Kwa baiskeli ya umeme mambo ni mengine. Nyingi zina kilo 20 na kuendelea, stendi nyepesi haiziwezi. Na betri usiichaje koridoni wala ukiwa umelala, maana ikishika moto hupati muda wa kufikiri.

Kwenye zulia stendi yoyote inayumba. Weka ubao chini yake, na gazeti kwa ajili ya maji ya mvua.

Yangu sasa iko kati ya kitanda na dirisha. Niliongeza pauni 9 tu juu ya ile ya kwanza, ambayo nimeigeuza kuwa ya kuwekea vitabu. Koridoni vimebaki viatu, na navyo tunagombana.