Taji la Tui Chake Chake

Watu wakiona picha ya tone la maji lililotulia hewani, swali lao la kwanza huwa bei ya kamera. Studio yangu hapa Chake Chake huendeshwa na picha za pasipoti na za harusi, na kamera ninayompigia bibi harusi ndiyo hiyo hiyo ninayopigia matone. Kinacholisimamisha tone ni flashi.

Tone likianguka nusu mita hufika chini kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde. Kamera nyingi, ukitumia flashi, haziruhusu shata ipite kasi ya sehemu 1 ya 200 ya sekunde. Kwa muda huo tone limeshashuka sentimita 1 na nusu, na pichani litatoka kama mchirizi. Lakini flashi ndogo ya kupachika juu ya kamera, ukiishusha nguvu hadi sehemu 1 ya 32, huwaka kwa takriban sehemu 1 ya 20,000 ya sekunde. Hapo tone halisogei hata robo milimita. Ndiyo maana napunguza nguvu, kisha naisogeza flashi karibu. (Taa nyingi kubwa za studio ni kinyume: ukizipunguza nguvu, huchelewa kuzima.)

Chumba nakitia giza, ili mwanga unaolipata tone uwe wa flashi peke yake. Madirisha yote nayafunga, na msimu wa kaskazi joto lake halisemeki. Maji yanadondoka kutoka mpira wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza na kuongeza. Pale yanapopita nasimamisha msumari, naulengea lenzi mpaka uonekane wazi, kisha nautoa bila kuigusa tena lenzi.

Nyuma natundika kanga kichwa chini, na flashi naielekeza kwenye kanga. Tone nalo ni lenzi, hukipindua kila kilicho nyuma yake, kwa hiyo jina la kanga linasomeka sawasawa ndani ya tone dogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.

Kwa taji natumia tui. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia maziwa katika picha yake maarufu ya 1957. Tui la kwanza, lililochujwa vizuri, nalitandaza jembamba kwenye sahani. Weupe wake huushika mwanga, na tone likitua kingo hunyanyuka na kutoa miiba pande zote kama taji.

Miiba hiyo hailingani. Mwingereza Arthur Worthington alichora matone kwa miaka mingi, akiyamulika kwa cheche za umeme gizani, na mataji aliyoyachora yalikuwa yamelingana kila upande. Picha za kamera za miaka ya 1890 zikamwonesha kwamba yamepinda, na kuna miiba iliyovunjika. Wateja wangu nao huniomba lile lililolingana. Mimi huwaonesha kwanza yaliyopinda.