KUINUA JIKO LILINGANE NA MEZA



Vyama vyetu vingi vya msingi vina mahali pa kupikia: katika mgahawa wa chama, katika nyumba ya wageni, au kando ya ghala ambako wapakiaji hupikiwa wakati wa msimu. Wanachama nao, kwa akiba na mikopo yao, wanajenga nyumba zenye meza za zege za kufanyia kazi za mapishi. Aidha, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwa hiyo majiko ya gesi yenye plati nne na oveni, ambayo zamani yalikuwa ya watu wachache, sasa yanaonekana hata vijijini.

Pamoja na maendeleo hayo limezuka jambo dogo ambalo halimo katika ramani ya jengo. Jiko linaletwa, linasogezwa mahali pake kando ya meza, na tazama, meza iko juu kuliko jiko. Kamati inamwita fundi, naye anaweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya jiko, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini kazi hiyo haijaisha, na jinsi inavyopasa kufanywa. Katika maelezo yetu neno jiko lina maana ya chombo chenyewe. Chumba tutakiita chumba cha kupikia.

Meza hupandaje?

Tuchukue mfano. Kamati ya ujenzi imeagiza meza ya sentimita 90. Mwashi anajenga kuta za matofali hadi sentimita 90 kamili. Juu yake anamwaga zege la sentimita 5, kisha mota na marumaru vinaongeza sentimita 2. Meza iliyokamilika ni ya sentimita 97. Jiko lililonunuliwa ni la sentimita 85. Tofauti ni sentimita 12, nayo haikutokana na uzembe wa mtu mmoja. Imetokana na kutouliza kama sentimita 90 zilikuwa za ukuta au za meza iliyokwisha.

Tofauti hiyo ina madhara. Mpishi anayeipua sufuria hawezi kuitelezesha kutoka jikoni hadi mezani. Hana budi kuinyanyua ikiwa ya moto na kuipitisha juu ya ukingo. Mkono wa kikaango hugonga ubavu wa meza na mafuta yakamwagika. Ubavu wenyewe, ambao umesimama karibu na ndimi za moto, huungua na lipu yake ikapasuka. Jiko na meza vikiwa usawa mmoja, hatari hizo hupungua sana.

Kwanza mpime mpishi

Hata hivyo, kabla ya kuliinua jiko ni lazima tujiulize kama meza yenyewe inamfaa anayeitumia. Kanuni inayokubaliwa na wataalamu wa kazi za mikono ni kwamba, kwa kazi nyepesi ya kusimama, meza iwe chini ya kiwiko cha mfanyakazi kwa sentimita 10 hadi 15. Mpishi asimame wima akiwa amevaa viatu anavyovaa kazini, akunje mkono, na kiwiko kipimwe kutoka sakafuni.

Mtu mwenye urefu wa sentimita 160 huwa na kiwiko kwenye sentimita 100 hivi. Meza yake basi ni ya sentimita 85 hadi 90. Mwenye urefu wa sentimita 175 ana kiwiko kwenye sentimita 110 hivi, na meza yake ni ya sentimita 95 hadi 100. Ni dhahiri kwamba meza ya sentimita 97 ni nzuri kwa huyu wa pili, na kwa yule wa kwanza ni mzigo wa mabega wa kila siku. Jambo hili si geni duniani. Mhandisi wa Marekani, Lillian Gilbreth, ambaye mwaka 1929 alisanifu chumba cha kupikia cha mfano, alisisitiza kwamba kimo cha meza kifuate kimo cha mpishi.

Yafaa pia tukumbuke sufuria. Mpishi hasongi ugali kwenye plati. Anausonga ndani ya sufuria, na mkono wake unafanya kazi juu ya mdomo wa sufuria hiyo. Tukiweka sufuria yenye kina cha sentimita 20 juu ya jiko la sentimita 97, mdomo wake utakuwa kwenye sentimita 117. Kwa mpishi wetu mwenye kiwiko cha sentimita 100, huko ni karibu na bega. Hawezi kuukandamiza mwiko kwa uzito wa mwili wake, haoni vema kilichomo ndani, na mvuke unampiga usoni.

Kwa sababu hiyo tunashauri hivi. Jiko linalotumika kwa chai, mchuzi, vikaango na sufuria ndogo liinuliwe lilingane na meza. Ugali na vyungu vikubwa vitengewe plati moja imara iliyo chini zaidi. Kwa mpishi huyohuyo, mdomo wa sufuria ukiwa kwenye sentimita 85 na kina chake sentimita 25, plati hiyo iwe kwenye sentimita 60. Chungu cha lita 50 kisipandishwe juu ya meza kabisa: maji ya lita 50 peke yake yana uzito wa kilo 50, na hakuna mtu anayepaswa kuinua uzito huo ukiwa unachemka.

Endapo wapishi wote ni wafupi kuliko meza, hesabu itaonyesha kwamba kinachostahili kurekebishwa ni meza, si jiko. Kamati isione haya kukubali hivyo mapema, kwa maana kuvunja marumaru mara moja ni nafuu kuliko kuumiza mgongo wa mtu kwa miaka kumi.

Jinsi ya kujenga kitako cha jiko

Kamati ikishaamua kuinua, matofali ya chini ya miguu yasitumike. Jiko la oveni lina mlango unaofunguka kwa mbele. Mlango huo ukibebeshwa sinia zito, au mtoto akiukanyaga, uzito wote huvutwa mbele. Tofali moja likiteleza, jiko hupinduka pamoja na vyote vilivyo juu yake. Kinachotakiwa ni kitako kimoja cha zege kilichoshikamana na sakafu.

1. Pima tofauti. Kaza miguu ya jiko iingie karibu yote, kisha pima. Katika mfano wetu tofauti ni sentimita 12. Acha sentimita 1 ya kurekebishia kwa miguu yenyewe. Kitako kilichokamilika kiwe cha sentimita 11; ikiwa lipu na marumaru ni sentimita 2, zege liwe la sentimita 9.

2. Pima upana. Miguu yote minne ikae ndani ya kitako, isiwe kwenye ukingo. Upande wa mbele kitako kisitokeze kupita uso wa jiko, maana mpishi atajikwaa akiwa na sufuria mkononi.

3. Andaa sakafu. Igwaruze kwa patasi, ifagie na kuilowesha ili zege lishike. Funga boksi la mbao.

4. Mwaga zege la sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Kitako kisiwe na uwazi ndani. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama chini, na uwazi uliofungwa huwa ghala lake.

5. Sawazisha kwa pima maji pande zote mbili, urefu na upana. Lilowesheni zege kwa siku 7 kabla ya kuweka jiko.

6. Weka kizuizi kidogo cha sentimita 1 mbele ya miguu ili jiko lisiteleze. Kama jiko lilikuja na kishikio cha ukutani, kifungeni upya kwa kimo kipya. Kama halina, fundi alifunge ukutani kwa mnyororo mfupi.

Mambo ya kuangaliwa baada ya kuinua

Kwanza ni mpira wa gesi. Jiko likipanda, mpira uliotosha jana huenda leo ukavutika. Usiungwe kwa kipande kingine. Nunueni mpya wenye urefu wa kutosha, na usipite nyuma ya oveni mahali penye joto. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, wala usifichwe ndani ya kabati lililofungwa. Maungio yote yapakwe povu la sabuni: pakitokea mapovu yanayokua, gesi inavuja, na moto usiwashwe hata kidogo.

Pili ni kilicho juu. Rafu ya mbao iliyokuwa mbali sasa imekaribia moto kwa sentimita 12. Kati ya plati na rafu au kabati la mbao pawe na sentimita 75 au zaidi. Pazia la dirisha liondolewe.

Tatu ni matundu ya hewa ya jiko, ambayo kwa kawaida huwa nyuma au chini. Yasizibwe na kitako wala ukuta.

Mwisho, wekeni sufuria yenye maji baridi juu ya kila plati, fungueni mlango wa oveni, na kuutikisa mwili wa jiko kwa mkono. Maji yakitulia na jiko lisipoyumba, liwasheni.

Wajibu wa kamati

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika vyama vyetu wanaoamua kimo cha meza mara nyingi ni wajumbe ambao hawatapika hapo hata siku moja, na mama wapishi huitwa wakati marumaru yamekwisha kukauka. Ushirika maana yake ni kwamba mwenye kazi anasikilizwa kabla fedha za wanachama hazijatumika.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla kamati haijapitisha ujenzi au matengenezo ya chumba cha kupikia, waiteni wapishi kikaoni. Vipimo vitano viandikwe katika kumbukumbu za mkutano: kimo cha kiwiko cha kila mpishi, kina cha sufuria kubwa kuliko zote, kimo cha jiko, kimo cha meza iliyokamilika, na umbali kati ya plati na kilicho juu yake. Nakala apewe fundi, naye aweke sahihi kwamba amevielewa. Karatasi hiyo moja itakiokolea chama mifuko ya saruji, na itamwokolea mpishi wenu mikono yake.