Je, Mahindi Yako Yamekauka Kweli?

Ewe mkulima wa Lugari na Likuyani, mahindi yako huyavuna mwishoni mwa mwaka, na mara nyingi mvua haijakoma. Unayaanika juu ya turubai, kisha unauma punje moja. Ikilia menoni, unasema yamekauka, nawe unajaza magunia. Lakini meno hayajui hesabu, na hesabu ndiyo inayotakiwa: mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa 13.5 katika 100. Yakizidi, ukungu huweza kuota. Aina fulani za ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani.

Wengi wenu mnaijua njia ya chumvi. Mahindi na chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu na kutikiswa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi. Njia hii ni nzuri, ila ina upungufu. Chumvi huanza kuvuta maji hewa ya ndani ya chupa inapofika unyevu wa 75 katika 100, nayo hufika hapo mahindi yakiwa na unyevu wa kama 15. Basi mahindi ya 14.5 hushinda mtihani wa chumvi, na bado yaweza kuharibika ghalani. Pengo hilo laweza kuzibwa kwa chombo ambacho kijana wako aliyesoma kidogo mambo ya umeme aweza kukiunga nyumbani.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Kibao cha Arduino Uno. Juu yake pana mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo sana ifanyayo kazi uliyoiagiza tu. Vibao vya Arduino vilianzia Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, kwa hiyo visikutishe.
2. Kihisi cha DHT22 chenye miguu 3, cha kupima joto na unyevu wa hewa.
3. Kioo kidogo cha kuonyesha namba, chenye waya 4.
4. Chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza.

KUUNGA

Waya za umeme za kihisi na za kioo ziende kwenye matundu ya 5V na GND. Waya ya habari ya kihisi iende tundu namba 2. Waya za kioo zilizoandikwa SDA na SCL ziende A4 na A5. Soma alama kwanza, maana mpangilio wa miguu haufanani kwa kila kihisi. Programu huandikwa katika kompyuta na kuingizwa mara moja tu. Baada ya hapo chombo hutumia chaja ya simu. Toboa kifuniko, pitisha waya, kihisi kikae ndani, kisha ziba tundu kwa gundi.

KUJARIBU CHOMBO

Usikiamini kabla ya kukijaribu. Tia chumvi ya mezani katika kizibo, ilowanishe kwa matone machache ya maji iwe kama uji mzito, uiweke ndani ya chupa bila kugusa kihisi. Funga, uache usiku kucha. Kioo kionyeshe karibu 75. Kikionyesha 79, punguza 4 kila upimapo.

KUPIMA MAHINDI

Chukua punje kutoka juu, katikati na chini ya magunia kadhaa. Ziache zipoe kivulini. Jaza chupa, funga, ngoja saa moja au zaidi mpaka namba isimame. Ikiwa chini ya 65, weka ghalani. Ikiwa kati ya 65 na 70, anika tena. Ikizidi 70, usithubutu kufunga gunia.

Jambo hili si la kubahatisha. Wataalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani walitengeneza kipimo cha nafaka kwa njia hii hii, nacho kikajaribiwa Ghana.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, chombo hiki hakioni sumu; huonyesha ukavu tu. Mahindi yaliyokwisha kuota ukungu hayafai kuliwa hata yakikaushwa sana. Pili, mwombe Bwana Shamba alinganishe namba zako na za kipimo chake. Chombo kimoja chaweza kuhudumia kikundi kizima cha wakulima, basi shaurianeni, na kiwe tayari kabla ya kuvuna.