Mikono ya Mbanguaji: Jihadhari na Mafuta ya Ganda la Korosho

Korosho iliyokaangwa vizuri ni chakula cha heshima. Mtu huinunua katika mfuko mdogo kwenye stendi ya mabasi, au humwandalia mgeni pamoja na chai, na ni nadra kuifikiria mikono iliyoitoa katika ganda lake. Lakini ukifika Masasi au Newala wakati wa msimu, ukasalimiana kwa mkono na mama anayefanya kazi ya kubangua, utaelewa mara moja. Kiganja chake ni cheusi kama kilichopakwa lami. Ngozi ya ncha za vidole imebambuka, na kati ya kidole na kidole mna vidonda vidogo visivyopona mpaka msimu uishe.

Wengi huuchukulia mkono huo kuwa sehemu ya kazi. "Ndiyo korosho hiyo," husema, basi. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba sivyo. Madhara hayo yana chanzo kinachojulikana, na kinga yake inajulikana pia.

Kilichomo ndani ya ganda

Ganda la korosho lina tabaka mbili, na kati yake mna vijitundu vingi kama vya sega la nyuki. Ndani ya vijitundu hivyo mna mafuta mazito, yenye rangi ya kahawia na ya kunata. Mafuta hayo huweza kufikia robo ya uzito wa ganda, au hata kuzidi. Wataalamu wa kemia wameyagundua humo asidi ya anakadiki na kadoli, vitu viwili vyenye ukali wa kuunguza ngozi.

Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe. Kila mtoto aliyewahi kuuma embe bichi karibu na kikonyo anajua jinsi utomvu wake unavyochoma midomo. Mafuta ya ganda la korosho ni ndugu wa utomvu huo, ila ukali wake ni mkubwa zaidi.

Hata hivyo, mafuta hayo ni mali. Viwandani hutumika kutengenezea rangi, vanishi, gundi ngumu na vitambaa vya breki za magari, na mbao zilizopakwa huweza kukinga mchwa. Kitu chenye nguvu ya kumzuia mchwa asitafune mbao hakifai kuachwa juu ya ngozi ya binadamu kutwa nzima.

Kiwandani na nyumbani

Mkorosho uliletwa Afrika ya Mashariki na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, nao ukastawi sana katika mchanga wa kusini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa kwa mikopo, vikiwamo vya Masasi na Newala. Mavuno yakaporomoka, na vingi vya viwanda hivyo vikakaa kimya. Hadi leo sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa nje zikiwa ghafi, hasa India na Vietnam. Kila mwaka hutolewa wito kwamba zibanguliwe hapa nchini. Wito huo ni mwema, lakini maana yake ni kwamba mikono mingi zaidi itaingia katika kazi hii.

Kiwandani korosho hupikwa kwanza kwa mvuke, au hupitishwa katika mafuta ya moto yenye kiasi cha nyuzi 190 za Sentigredi, ndipo hupasuliwa kwa mashine au kwa kisu cha mkono na mguu. Nyumbani hukaangwa juu ya bati penye moto wa kuni, kisha hugongwa moja moja. Hapo pana hatari tatu kwa pamoja: mafuta hurukia ngozi na macho, hushika moto ghafla, na moshi wake mkali huwasha macho na kukereketa kifua. Mtoto aliyebebwa mgongoni huuvuta moshi huo sawa na mama yake.

Kwa nini glavu huvuliwa?

Msomaji atauliza: je, hakuna glavu? Mara nyingine zipo. Lakini mbanguaji aghalabu hulipwa kwa kilo, na korosho nzima ina bei kuliko iliyovunjika. Glavu nene huvifanya vidole viwe vizito, na kilo hupungua. Kwa hiyo huivua ili apate fedha ya unga na sare za shule. Glavu iliyotoboka nayo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa mafuta huingia ndani na kukaa juu ya ngozi saa nzima.

Kwa sababu hiyo haifai kumlaumu mfanyakazi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Aidha, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayatambua maradhi yatokanayo na kazi. Mwajiri anayepanga malipo kwa namna inayomlazimu mtu avue glavu hajatimiza wajibu wake kwa kuzitundika ukutani. Naye mama anayebangua uani kwake hana mwajiri wa kumdai. Kinga yake ni maarifa na msaada wa nyumba yake.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kabla ya kazi jipake mikononi mafuta ya nazi, ya nyonyo au ya kupikia, kisha yachovye majivu yaliyochekechwa, na urudie kila yanapofutika. Vaa glavu nzima zinazokutosha, nguo ya mikono mirefu na miwani ya kinga.

Pili, kaanga mahali pa wazi, upepo ukiwa nyuma yako. Weka ndoo ya mchanga karibu; moto wa mafuta hauzimwi kwa maji. Watoto wakae mbali. Maganda yasiwe kuni za jikoni.

Tatu, mafuta yakikugusa, usikimbilie maji peke yake, kwa kuwa hayachanganyiki nayo. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa, kisha nenda hospitali bila kuchelewa, iwe Mkomaindo, Ndanda au iliyo karibu nawe. Malengelenge yasitumbuliwe.

Nne, usimshike mtoto, usinyonyeshe wala usile kabla ya kunawa na kubadili nguo.

Hapa pana shida ya pekee ya Newala. Mji huo uko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, ambako mchanga hunywa mvua yote na mito haipo. Tangu miaka ya 1950 maji husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na ndoo moja huhesabiwa. Katika nyumba nyingi maji ya kunawa hutanguliwa na ya kupikia na ya kunywa. Basi ndoo moja na kipande cha sabuni vitengwe kwa ajili ya mbanguaji kabla kazi haijaanza. Baba na vijana wa nyumba wanaweza kulichukua jukumu hilo, maana fedha ya korosho huliwa na wote.

Mwenye kiwanda hukagua mashine zake kabla ya msimu na kuzitia grisi. Mikono ya wafanyakazi wake inastahili kukaguliwa kwanza, kwani mashine ikiharibika hununuliwa nyingine.