Dawa za wasiwasi: namna ya kupima nafuu na maudhi yake

Dawa nyingi zinazotibu wasiwasi uliopita kiasi zina tabia moja inayowakatisha tamaa wagonjwa: maudhi yake hutangulia, nafuu yake huchelewa. Mgonjwa asiyeelezwa jambo hilo mapema hudhani dawa haimfai, akaiacha katika wiki ya pili, kabla haijapata nafasi ya kufanya kazi.

Kwa wakazi wa Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, suala hilo lina uzito wa pekee. Hili ndilo eneo lililolipa bara neno bodaboda, kutokana na baiskeli zilizowavusha abiria kati ya vituo vya mpakani. Mtu hulala upande mmoja na kufanya biashara upande wa pili, na dawa huinunua popote inapomwishia. Nchini Uganda dawa husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, nchini Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu, na dawa ileile yaweza kuwa na jina moja la kibiashara huku na jina jingine kule.

Neno moja, magonjwa mawili

Neno wasiwasi, lenye asili ya Kiarabu, hubeba mambo mengi. Upo wasiwasi wa kawaida, kama ule wa kabla ya mtihani. Upo pia ugonjwa wa wasiwasi: hofu isiyotulia kwa miezi, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na magonjwa ya namna hiyo.

Kisha upo ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia. Wazo lisilotakiwa humng'ang'ania mtu, naye hutafuta utulivu kwa kurudia tendo: kunawa mikono hadi ngozi ikachubuka, kukagua kufuli mara ishirini, au kurudia udhu hadi wakati wa sala ukapita. Mara nyingi mwenyewe anajua kuwa amepita kiasi, ila hawezi kujizuia. Huo ni ugonjwa unaotibika. Si kurogwa, wala si upungufu wa imani.

Dawa hufanya nini

Dawa zinazotangulizwa kwa kawaida ni za kundi la fluoksetini na sertralini. Huongeza utendaji wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Kwa ugonjwa wa wasiwasi, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 6. Kwa fikra za kujirudia, mara nyingi hutakiwa kipimo kikubwa zaidi na subira ya wiki 8 hadi 12.

Klomipramini ni dawa ya zamani iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huo wa pili. Inafanya kazi, lakini hukausha kinywa, hufunga choo na huleta usingizi, jambo zito kwa dereva wa lori anayepitia Malaba au mwendesha bodaboda.

Dawa pekee huwaacha wagonjwa wengi na sehemu ya dalili zao. Kwa hiyo wataalamu hupendekeza tiba ya mazungumzo inayomzoeza mgonjwa, hatua kwa hatua, kukabili kile anachokiogopa bila kurudia tendo lake.

Maudhi si madhara

Maudhi ni usumbufu usiohatarisha maisha: kichefuchefu, kuharisha, kuumwa kichwa, hata wasiwasi wenyewe kuongezeka katika siku za mwanzo. Mengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Lipo moja ambalo aghalabu hudumu, nalo ni kupungua kwa hamu au uwezo wa tendo la ndoa. Wengi huona haya kulitaja, wakaiacha dawa kimyakimya. Ni heri kusema, kwa kuwa kipimo au dawa yaweza kubadilishwa.

Madhara ni jambo jingine. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye dawa hizi. Katika majaribio yaliyohusu watoto na vijana, takriban 4 kati ya 100 waliotumia dawa walipata mawazo au mienendo ya kutaka kujiua, ikilinganishwa na 2 kati ya 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Katika majaribio hayo hakuna aliyejiua. Hata hivyo, kijana aliye chini ya miaka 25 anapaswa kuangaliwa kwa karibu na jamaa zake katika wiki za kwanza, na akibadilika ghafla afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Diazepamu, kwa upande wake, hutuliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo penye mtego. Ikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huizoea na kuitegemea. Kuikatiza ghafla kwaweza kuleta kifafa, na kuichanganya na pombe kwaweza kuzuia pumzi.

Malaria na maumivu

Tororo inajulikana kwa wingi wa malaria, na dawa mseto ya artemetha na lumefantrini hutumiwa sana. Lumefantrini huweza kuifanya klomipramini ikae mwilini kwa kiwango kikubwa kuliko kawaida na kuvuruga mapigo ya moyo. Tramadoli, dawa ya maumivu, nayo ni hatari ikichanganywa na dawa za serotonini. Malaria lazima itibiwe. Linalotakiwa ni mgonjwa kumweleza mhudumu dawa zote anazotumia, ili achaguliwe zinazopatana.

Mizani ya uamuzi

Swali si kama dawa ina maudhi, maana hakuna dawa isiyo nayo. Pima kile ambacho ugonjwa unakunyang'anya sasa, saa ngapi kwa siku, kazi gani, usingizi kiasi gani, kisha ukilinganishe na kile ambacho dawa itakudai. Mwulize daktari nafuu itarajiwe lini, dalili gani zikurudishe hospitali mara moja, na dawa itapunguzwaje wakati wake ukifika. Kuiacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, hasira na hisia kama za kupigwa na umeme.

Anayevuka mpaka abebe karatasi yenye jina halisi la dawa, si la kibiashara tu, pamoja na kipimo chake na tarehe aliyoianza. Aongeze akiba kabla vidonge havijaisha. Asiye na pa kuanzia aweza kwenda Hospitali Kuu ya Tororo au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, akaomba kuelekezwa kwa mhudumu wa afya ya akili.