Bibi Aliyeshuka Ghorofani Akashika Udongo

Mwanamke wa kwanza kuwa msanifu wa majumba nchini Pakistan ni Bi. Yasmeen Lari, aliyezaliwa 1941. Alisoma Oxford, akarudi Karachi, na kwa zaidi ya miaka 30 akawajengea matajiri na makampuni. Makao ya shirika la mafuta la PSO, aliyoyamaliza 1991, ni vioo vinavyong'ara.

Hata hivyo hakuwapa kisogo wanyonge. Katika miaka ya 70 alisanifu mtaa wa Angoori Bagh, Lahore, nyumba za matofali kwa watu wa kipato kidogo, akaziwekea sakafu za wazi juu ili akina mama wapate pa kufugia kuku na kupandia mboga. Ni wasanifu wangapi huwakumbuka kuku?

Mwaka 2000 akastaafu. Oktoba 2005 zilzala ikaivunja Kaskazini ya Pakistan, wakafa watu zaidi ya 70,000. Bibi huyu, umri miaka 64, akapanda milimani kuwajenga waliobaki. Mwenyewe amesema ni kama analipa deni la yale aliyoyajenga zamani.

Siri yake ni chokaa, na sisi wa pwani twaijua, kwani ndiyo iliyoshika mawe ya Lamu na Mombasa karne kwa karne kabla saruji haijatupumbaza. Udongo mtupu huyeyuka majini. Ukitiwa chokaa hushikana. Mianzi ndiyo mifupa ya nyumba. Saruji na chuma ni ghali, na viwanda vyake huichafua hewa pakubwa.

Lakini lililonivutia zaidi ni kwamba yeye hagawi nyumba. Hafurahii misaada imfanyayo maskini akae mkono wazi. Yeye hufundisha, mtu akajenga mwenyewe. Huko Makli, Sindh, kando ya makaburi ya kale, waliokuwa wakiomba sadaka sasa hutengeneza vigae wakauza. Akina mama hujifunza kujenga jiko la udongo na chokaa juu ya kibaraza, lenye dohani, moshi usiwaingie machoni wala mafuriko yasilichukue. Aliyekwisha kujua humfundisha jirani kwa ujira mdogo.

Mwaka 2023 wasanifu wa Uingereza walimpa nishani yao ya dhahabu. Mwaka uliotangulia mafuriko yalikuwa yameifunika Sindh, na katika kijiji cha Pono nyumba zake za mianzi, zilizoinuliwa juu ya ardhi, zilisalia zimesimama.