Gari Linalokunywa Maji

Wateja wangu hapa Iringa wana namna moja ya kuueleza ugonjwa huu: "Fundi, gari linakunywa maji." Ukiwauliza yanavujia wapi, watakuambia hayavuji popote. Limelala usiku kucha juu ya sakafu ya saruji na asubuhi hakuna hata tone, lakini ukifungua rejeta inadai nusu lita. Wengi hufika wakiwa wameshatumia fedha: rejeta mpya, chupa ya dawa ya kuziba matundu, thamostati imetolewa na kutupwa. Mimi kwanza nawaomba waniachie gari mpaka lipoe kabisa. Hapo ndipo sura zinapokunjamana, maana watu wanataka fundi anayeshika spana papo hapo.

Ukitaka kujua kwa nini nasubiri, tazama kifuniko cha rejeta yako, injini ikiwa baridi. Magari mengi ya Kijapani yameandikwa pale 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa kila sentimita ya mraba. Ukisoma kwa psi, hiyo ni kama 13 au 16. Mfumo wa kupozea injini si sufuria iliyo wazi. Maji yakipata moto hutanuka, kifuniko kinayabana mpaka presha ifike kwenye ile namba, kisha kinaachia ziada iende kwenye chupa ya akiba. Injini ikipoa, vali nyingine ndogo katikati ya kifuniko hufunguka ili maji yale yarudi.

Presha hiyo ndiyo inayozuia maji kuchemka mapema. Pwani, maji matupu huchemka yakifika nyuzi 100, lakini chini ya kifuniko kizima cha 0.9 huvumilia mpaka kama 118. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji yasiyobanwa huchemka yakifika nyuzi 95 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Sasa chukua gari lisiloshika presha, lipandishe Kitonga kwa gia ya pili nyuma ya semi-trela, jua la saa nane. Linachemsha, na dereva analaumu mlima. Tangu Dar es Salaam lilikuwa linavuja, ila barabara ya tambarare ilimsitiri.

Kwa hiyo tundu dogo lina sehemu mbili za kujificha. Gari likiwa baridi hakuna presha ya kusukuma maji nje, na likiwa la moto kile kidogo kinachotoka hukauka juu ya chuma kabla hakijadondoka. Dawa yake ni kuleta presha bila moto. Chombo chenyewe ni pampu ya mkono, fupi kuliko ya baiskeli, yenye geji, mpira mwembamba na vichwa vya ukubwa mbalimbali vya kufunga mahali pa kifuniko.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja na gari lake dogo la miaka ya tisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hili limenimaliza. Kila siku nalinywesha kabla sijanywa chai mwenyewe."

Rejeta ilikuwa mpya, thamostati haikuwepo. Likiwa limepoa nilijaza maji mpaka shingoni, nikafunga pampu, nikasukuma taratibu mpaka geji ikasoma 13. Sipiti namba ya kifuniko. Nimewaona wanaosukuma mpaka 25 ili tundu lijitokeze haraka. Siku hizi matangi ya juu na ya chini ya rejeta ni ya plastiki yaliyobanwa kwenye alumini, na plastiki iliyozeeka ikapata rangi ya kahawia haitaki mzaha. Utaondoka na uvujaji ambao hukuja nao.

Mwalimu aliuliza mbona siwashi injini. Nikamweleza kwamba tukiiwasha, joto litatanua maji na kupandisha mshale, na hatutajua kama mfumo unashika presha kweli. Tukakaa. Baada ya dakika kama kumi mshale ulikuwa umeshuka hadi 10, na chini ya gari pakavu.

Muda huo wa kusubiri ndio kazi yenyewe. Napita na tochi na kioo kidogo. Naanza kwenye ncha za mipira, pale klipu inapobana, maana mpira hupasuka kwanza chini ya klipu usipoonekana. Naenda kwenye mshono wa plastiki na alumini. Kisha wota pampu: chini ya ekseli yake kuna kitundu kilichowekwa kiwandani makusudi, na sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo na kuacha mchirizi mweupe au wa rangi ya kulanti. Nyuma ya injini, upande wa ekzosi, kuna vifuniko vya bati vilivyopigiliwa kwenye bloku. Hivi huliwa na kutu kutokea ndani, hasa kwa watu wanaojaza maji ya kisima yenye chumvi miaka nenda rudi. Pia nazima redio ya gereji, kwa sababu tundu la sindano mara nyingine husikika kabla halijaonekana.

Kwenye gari la mwalimu hakukuwa na kitu. Nikafungua mlango wa abiria, nikanyanyua zulia. Limelowa.

"Hayo ni maji ya AC," akasema.

Maji ya AC hayana rangi wala harufu. Haya yalikuwa na kijani kwa mbali, yananata vidoleni, yananukia utamu. Nikamuuliza kama kioo cha mbele huwa kinaingia ukungu wa mafuta usiofutika vizuri. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa siri ya nyumbani. Kilikuwa kinaingia, na yeye akidhani ni baridi ya Iringa. Hita, ile rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ilikuwa imetoboka, na kila safari maji yalikuwa yanaingia ndani na kunywewa na zulia. (Kuna mafundi wanaoonja kwa ulimi ili kuthibitisha. Acheni. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na huo utamu ndio unaowaponza mbwa na watoto.)

Kungekuwa na ukavu hata chini ya zulia, ningeanza kuogopa silinda hedi. Hapo hutolewa plagi zote, gari likabaki na presha hiyo hiyo kwa muda, kisha injini inazungushwa kwa stata: silinda yenye maji itayatema kupitia tundu la plagi, kwa hiyo usiweke uso pale. Njia nyingine ni kurudisha plagi na kupunguza presha kwenye pampu, halafu kuwasha injini ikiwa bado baridi. Mshale ukiruka juu ndani ya sekunde chache, hiyo si kazi ya joto. Ni moshi wa ndani ya silinda unaopenya gasketi kuingia kwenye maji. Ukiona hivyo zima mara moja. Gharama yake ni ya kwenda kuongea na mwenzako nyumbani kabla ya kurudi gereji.

Mwalimu alikuwa na chaguo la bei rahisi: kuunganisha mipira miwili ya hita na kuiruka kabisa. Pwani watu hufanya hivyo na hawakumbuki tena kwamba gari lina hita. Yeye alikataa, maana Juni na Julai huku asubuhi si za mchezo. Basi tukashusha dashibodi, kazi ya kutwa nzima, tukaweka hita nyingine, na thamostati mpya nayo ikarudi mahali pake. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto wake wa kawaida, inakula petroli zaidi, na hiyo hita aliyoilipia ingempulizia hewa vuguvugu. Anayeitoa ili "gari lipoe" huwa ameshindwa kuuona ugonjwa.

Nikafunga pampu tena. Mshale ukasimama kwenye 13 kwa muda wote tuliokunywa chai.

Alikuwa ameshatoa pochi nilipochukua kifuniko chake cha zamani, nikakifunga kwenye kichwa cha pampu kinachopimia vifuniko. Kimeandikwa 0.9. Kiliachia kwenye 6, nikarudia, kikaachia kwenye 6 tena. Springi imelegea na mpira wake umekauka. Katika fedha zote alizotumia mwaka ule, hakuna aliyekuwa amemwambia akibadilishe. Nikamtuma kijana dukani alete kingine chenye namba ileile, nacho nikakipima kabla ya kukifunga, kwa sababu madukani vimo vipya vinavyoachia kwenye 8.